Mwalimu wa Meli Katika Mji wa Madumu

Niseme mapema, asiyetaka aache kusoma hapa hapa: naandika haya nikiwa nimekasirika. Watu wa Tunduma wanaonifahamu watacheka, maana mimi ni mtu wa utani, mtu ambaye hata msibani huwekwa karibu na wapishi ili wasisinzie sufuria zikaungua. Lakini ipo hasira moja ambayo nimeibeba miaka mingi kama dumu la maji, naihamishia mkono wa pili kila inaponichosha, na yote inamhusu mtu tuliyemwita Mwalimu wa Meli.

Jina hilo tulimpa kwa kejeli. Tunduma haina bahari, haina ziwa, na miaka ile hata bomba lilikuwa likikohoa tu, halitemi kitu. Maji yalinunuliwa kwa dumu. Foleni ya madumu kisimani ilikuwa ndefu kuliko foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, na ile ya malori ilianzia mpakani ikaishia karibu na mbinguni. Katika mji wa namna hiyo akatushukia mtu aliyesomea hesabu za meli. Simaanishi kuziendesha. Namaanisha kukaa na penseli na kujua, bati hata moja halijakatwa, kama meli itasimama wima au italala ubavu, itataka injini ya nguvu gani na itakunywa mafuta kiasi gani. Kazi hiyo aliifanya kwenye karakana ya meli ya ziwa moja kubwa, mpaka upepo wa ubinafsishaji ulipoipitia. Mashine ziliuzwa kama chuma chakavu. Yeye akabaki na kichwa chake, ambacho hakikupata mnunuzi. Tulipomuuliza kwa nini alikuja Tunduma alijibu kwamba basi liliishia hapo.

Akafundisha hisabati shule ya jioni. Tulisomea madarasa ya shule ya msingi, watoto wakishatoka, magoti yetu yakigonga madawati. Humo mlikuwa na madereva, matanboi wanaowasaidia safarini, mama lishe wawili, vijana wa forodha, mimi, na kaka yangu. Kaka alikuwa fundi wa injini za malori, fundi kwelikweli, injini ikimsikia anakohoa nayo inanyamaza ili asikilize vizuri. Namtaja mapema ili mjue: ndiye aliyezama.

Mwalimu alikuwa mkali kupita pilipili. Chaki alizozirusha, nadhani moja mpaka leo inazunguka huko Zambia haijapata pa kutua. Neno lake lilikuwa "mpumbavu wewe," na alilitumia kama wengine wanavyotumia "ndugu yangu." Hakubagua. Ofisa wa forodha mwenye kalamu tatu mfukoni na tanboi mwenye grisi mpaka masikioni walipata tusi lilelile, uzito uleule, na nadhani ndiyo maana tulimpenda. Madereva wa Kizambia waliokuwa wakikwama mpakani wiki nzima walikuja kusikiliza dirishani. Walimwita bashikulu, babu, kwa heshima zote, naye aliwatukana kwa Kiingereza ili wasijisikie wageni.

Nilipolazwa na malaria alikuja hospitali. Hakuleta chungwa wala pole. Alisimama miguuni pa kitanda akaitukana malaria mpaka muuguzi akamtoa nje. Usiku huo homa ilishuka. Sisemi ni yeye, lakini sisemi si yeye.

Somo lake kubwa lilikuwa la sinia. Alimwita kaka mbele, akampa sinia pana la kupakulia pilau, akamimina maji kiasi, akamwambia atembee mpaka mlangoni. Kaka alipiga hatua chache, maji yakakimbilia upande mmoja, sinia likafuata maji, kaka akafuata sinia, na mama lishe wa dawati la mbele akaoga bila kununua dumu. Kisha Mwalimu akapanga vikombe juu ya sinia lilelile, akagawa maji yaleyale humo. Kaka akaenda na kurudi kama bwana harusi.

"Maji ni yaleyale," Mwalimu akasema. "Uzito ni uleule. Nini kimebadilika?"

Mama lishe akaendelea kukamua kanga yake.

"Mmeyanyima nafasi ya kukimbia, wapumbavu nyie. Chombo kikiinama kidogo, kitu chochote kitakachokimbilia upande ule ule ndicho kitakachokizamisha. Maji, mafuta, mbuzi, watu. Hasa watu, maana maji hayaitani."

Dereva mmoja wa tangi la mafuta, mtu wa Tanga, akainua mkono. "Kumbe ndiyo maana, Mwalimu. Nikibeba tangi nusu, kila nikifunga breki linanipiga mgongoni."

Mwalimu alimtazama kwa mapenzi kabisa, kama baba. Halafu akamuuliza ni punguani gani aliyemfundisha kufunga breki namna hiyo.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo imani yake mpaka kwenye chai. Mama lishe akimletea kikombe nusu alikirudisha. "Jaza au mwaga," alisema. Kikombe kilichojaa mpaka ukingoni kilimmwagikia suruali kila siku ya Mungu, na kila siku alidai huo ni utaalamu.

Somo la pili lilikuwa la mafuta, na hilo madereva walilipinga kwa nguvu zote. Alisema chombo cha majini ukitaka kiende kasi mara mbili, injini inataka nguvu mara nane, na kwa saa moja itakunywa mafuta mara nane. "Kwa safari nzima ni mara nne," aliongeza, "kwa sababu utafika mapema, kama utafika." Kaka hakukubali. Alikuja nyumbani akabishana na sahani ya maharage. Wiki nzima alikuwa akiamka na kusema, "Mara nane haiwezekani," na siku alipoielewa alikimbia mtaani kumtafuta Mwalimu. Akamkuta kwenye foleni ya maji. Wakapeana mikono juu ya madumu, na Mwalimu hakumtukana. Ilikuwa kama kumwona simba akila mchicha.

Na la tatu, hili naomba mlishike. Alituambia tusiamini chombo kinachobembea vizuri. "Chombo kigumu hukurusha huku na huku," alisema, "unatapika, unamlaani aliyekichora, lakini kinarudi. Kile kinachobembea taratibu kama mama na mtoto mgongoni, abiria wanakisifu. Hicho kila kikiinama kinafikiria kwanza kama kirudi au kisirudi. Kinachobembeleza ndicho kinachozika."

Mtu huyu alikuwa na vituko vyake. Alihubiri utulivu lakini ugali aliula kama anayefukuzwa na polisi. Na kubwa kuliko yote, hakujua kuogelea. Meli zote alizozipigia hesabu, hakupanda hata moja bila hofu, na alitueleza hivyo mwenyewe bila aibu: "Mimi ninajua kwa nini zinazama. Nyie mnaopanda mkicheka ndio wa kushangaza."

Sasa boti.

Tajiri mmoja wa malori, mtu aliyekuja Tunduma enzi za ruksa ya biashara na fuso moja bovu akawa na malori mengi kuliko nywele zangu, aliamua kuwa na boti Ziwa Rukwa. Ya kubeba samaki, mahindi na abiria. Akaijengea Tunduma, uani kwake, na mafundi walewale wanaounda matela. Kaka akapewa kazi ya injini, na ikimalizika ataiendesha. Alifurahi mno. Alitembea mjini kama nahodha, na bahari aliyokuwa ameiona ni dimbwi la pale stendi.

Na wakaijenga kama watu wa malori. Hapa ndipo ninapochemka. Lori likishiba linatulia. Kwa hiyo wakasema boti nayo ikishibishwa itatulia. Basi huwekwa keria ya mizigo juu ya paa. Wakaweka ghorofa ya chuma juu, na mabenchi. Mashine ya kusaga hutundikiwa dumu la dizeli juu ili mafuta yashuke yenyewe. Wakaweka tangi la mafuta juu ya paa la ghorofa, pana kama sinia la pilau. Chini wakaacha wazi kwa ajili ya shehena. Kila kizito kilikuwa juu, na chini mlikuwa na upepo.

Mwalimu aliiona siku ilipopakiwa juu ya lori kupelekwa ziwani. Alizunguka lori lile mara moja, akaenda kwa Tajiri, akamwambia isiguse maji mpaka aipime. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alicheka akasema, "Panda, Mwalimu, ukaipime." Basi tukaenda wote, boti mbele juu ya lori, sisi nyuma kwenye pikapu. Barabara ya Chitete ya kushukia ziwani miaka ile mnaijua, mashimo matupu. Boti ile ilipigwa mawimbi Chitete zaidi ya yale iliyokuja kupigwa ziwani, na Mwalimu njia nzima alikuwa akiitazama inavyoyumba juu ya lori, midomo ikimchezacheza.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na hata wewe unaweza kukifanya. Boti ikishaelea, unaweka magunia uliyoyapima kwenye mizani katikati ya sitaha. Unaning'iniza timazi, ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hunyooshea ukuta, ncha yake ndani ya ndoo ya oili chafu ili isiyumbeyumbe. Unahamisha magunia kwenda upande mmoja, unaona kamba imesogea kiasi gani. Ikisogea kidogo, chombo kina nguvu ya kurudi. Ikisogea sana, hakina. Sharti ni moja: kila mtu asimame katikati, asitikisike.

Tulikuwa na magunia ya mahindi mazuri ya Ruanda, kijiji cha kwetu, timazi ya kuazima, na vijana wa gereji kama kumi hivi. Na Mwalimu akatokea amevaa tyubu ya tairi la lori kiunoni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tyubu nyeusi, imejazwa upepo mpaka inang'aa, na katikati yake mzee mwenye miwani na penseli sikioni. Vijana waliangua kicheko mpaka bata maji wa ng'ambo wakaruka. Mimi nilicheka. Kaka alicheka. Tajiri alijizuia kwa heshima akageukia ziwani, mabega yakitikisika.

"Simameni katikati," Mwalimu akaamuru.

Magunia yakahamishwa. Kamba ikasogea, ikasogea tena. Kijana mmoja akasema, "Oneni, inatembea," na wote, watu wa Tunduma, watu ambao lori likipinduka hukimbilia kutazama kabla ya kuuliza kama linawaka, wakaenda upande ule kuitazama ndoo.

Boti ikainama. Haikuinama kwa kishindo. Iliinama polepole, kwa adabu, mpaka maji yakawa yanalamba ukingo na gunia moja likateleza. Na ikakaa pale. Nasema ikakaa. Halafu ikaanza kurudi, taratibu, kama mzee anayeinuka kwenye kiti.

"Umeona, Bwana Mwalimu?" Tajiri akasema, uso una kijasho. "Imerudi. Na inarudi kistaarabu, haina fujo. Abiria watalala usingizi."

"Imerudi kwa huruma," Mwalimu akasema. "Haikurudi kwa nguvu. Ng'oa ghorofa. Tangi lishuke chini, likatwe vyumba. Halafu jaza mawe chini."

"Mawe?"

"Farumi. Uzito wa chini. Mawe."

"Nichome dizeli kubeba mawe? Mwalimu, mimi ni mtu wa malori. Mzigo usio na mwenyewe haupandi gari langu."

Labda wangefika mahali. Tajiri alikuwa ameogopa, nilimwona, na mtu aliyeogopa hushawishika. Lakini Mwalimu akamgeukia kaka. Akamsogelea na tyubu yake mpaka ikamgusa tumboni.

"Na wewe. Wewe niliyekupa sinia. Wewe uliyeelewa mara nane. Nani alikuambia uweke sinia juu ya paa? Mpumbavu wewe. Hawa hawajui, lakini wewe ni mpumbavu wa makusudi."

Mbele ya vijana wake. Mbele ya mwajiri wake. Kaka alikuwa amekwishafungua mdomo, na mimi nilimjua, alikuwa anataka kusema "kweli Mwalimu." Akaufunga. Akapanguza mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ndogo, "Boti yangu naijua. Na sisi angalau hatuvai matyubu." Wakacheka tena, safari hii kwa kumtetea. Kaka hakurudi shule ya jioni.

Tajiri alimtafuta mkubwa mmoja wa serikali wa kuikagua, akaikagua akiwa nchi kavu, akasema ni nzuri. Na kwa kweli ilienda. Msimu mzima ilienda na kurudi, abiria wakiisifu jinsi inavyobembea. Mjini Mwalimu alikuwa akiulizwa kila kona, "Mwalimu, haijazama tu?" Naye alijibu kwa chaki na matusi, na walivyozidi kumcheka ndivyo alivyozidi kutukana, na alivyozidi kutukana ndivyo walivyozidi kutosikia.

Siku ilipopinduka hakukuwa na upepo. Ilikuwa imebeba kwaya iliyoalikwa kanisani ng'ambo, wanakwaya wote juu ghorofani, tangi limefika nusu. Wenyeji walikuwa ufukweni wanawapokea kwa vigelegele. Wanakwaya wakasimama, wakaenda upande ule kuwapungia. Boti ikainama kwa adabu yake ileile. Ikakaa. Walioko ufukweni wanasema ilikaa hivyo mpaka wakadhani ni madoido ya kuwasalimia.

Haikurudi. Kaka alikuwa chini, kwenye injini.

Ikaja kamati, ikasema upepo. Upepo. Siku ambayo moshi wa majikoni ulipanda wima kama nguzo za umeme. Tajiri akauza malori mengine akarudi kwao. Mkubwa aliyekagua akahamishwa, tena kwa kupandishwa cheo. Na watu wa Tunduma, walewale wa "haijazama tu," wakasema: yule mzee alikuwa na mdomo mchafu, pengine alitamka laana. Basi nikakasirika. Niliwakasirikia wote, na yeye nilimkasirikia zaidi, kwa sababu alikuwa na ukweli mkononi akaupiga watu nao kichwani mpaka wakaukimbia. Angemvuta kaka pembeni. Pembeni tu, nyuma ya pikapu, amwambie kwa sauti ya kawaida.

Mazishini alikuja akakaa mwisho kabisa, kwenye majani. Hakumtukana mtu. Mwezi uliofuata akaacha kufundisha, akahama.

Miaka mingi baadaye kazi ilinipeleka Ileje, nikasikia anaishi Ibaba, juu milimani, kwa binti yake aliyeolewa huko na mkulima wa viazi. Nikapanda. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yote, yale ya pembeni, yale ya nyuma ya pikapu, na nilikuwa nimeyanoa mpaka yanakata.

Nilimkuta amekaa nje juani, amejifunika blanketi, baridi ya Ibaba unaijua, hata kivuli chako kinatetemeka. Alinitambua. "Karibu, mwanangu," akasema. Mwanangu. Nikatazama nyuma yangu kuona anasema na nani.

Nikamwambia barabara mbaya. Akasema ni kweli, mwanangu. Nikamwambia siku hizi Tunduma malori yanajaza kupita kiasi. Akasema ndivyo maisha yalivyo. Binti yake akaleta chai, kikombe nusu. Nikakitazama kile kikombe, nikamtazama yeye. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akanywa.

"Baba hasumbui kabisa siku hizi, kaka," binti akaniambia kwa furaha. "Amekuwa mpole mno. Ukimwambia chochote anakubali."

Maneno yangu yote yaliyonolewa yakanidondoka. Mzee yule alikuwa akiinamia upande wowote unaomsukumia, taratibu, kwa adabu, na anakaa hukohuko. Na mimi nilikuwa nimefundishwa, na nani kama si yeye, maana ya chombo cha namna hiyo.

"Kaka yako," mzee akasema, bila mimi kuuliza. "Ningesema naye polepole."

Nilikuwa nimepanda mlima mzima kumwambia neno hilohilo, na sasa alipolisema yeye sikulitaka. Nilitaka kumwambia kwamba boti haikupinduliwa na kelele zake. Badala yake nikasifu viazi vyao. Jua likasogea. Nilipoaga alinishika mkono akasema nenda salama, mwanangu, na mkono wake haukuwa na uzito wowote.

Nikafika kwenye uzio wa viazi. Hasira ikanipanda upya, lakini sasa nilikuwa sijui ni ya nani. Nikageuka.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti, "kuna watu wanaweka injini mpya kwenye boti zao Rukwa. Wanataka spidi mara mbili. Nimewaambia wasiogope, mafuta yatakuwa mara mbili tu."

Alikuwa ametazama kikombe. Nikangoja, nikahesabu kwamba basi, ndiyo imeisha, nikashika njia.

"Mara nane."

Nilisimama.

"Mara nane, mpumbavu wewe," ikaja sauti nyuma yangu, inapanda, inakwaruza kama chaki. "Kwa saa ni mara nane. Kwa safari ni mara nne. Nilikufundisha nini miaka yote ile? Umewaambia watu? Umewaambia hivyo watu wanaopanda na watoto wao? Rudi hapa. Rudi uwaambie. Na chai hii nani kaimimina nusu?"

Binti akatoka mbio jikoni, mikono ina unga. "Baba, tulia. Kaka, umemfanya nini baba?"

"Mwache, dada," nikamwambia. Nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia. "Mwache kabisa. Anarudi."